Mto Nzoia na Dhamana ya Miji Iliyo Juu

Msafiri ashukaye kutoka Kitale kwenda Bungoma, mlima Elgon ukimwandama upande wa kulia, hupita katika nchi ya mahindi na miwa ambayo maji yake yote, ya Kuywa na ya vijito vingi visivyotajwa katika ramani, hatima yake ni Mto Nzoia, nao huyachukua mpaka Ziwa Viktoria. Wenyeji wa Bokoli, waliomo baina ya miji hiyo miwili, aghalabu hutumia choo cha shimo na huteka maji chemchemi. Walakini mto wa jirani hubeba takataka za watu wasiowajua, waliokwisha kuvuta maji chooni wakaona kazi imekwisha.

Kazi ndipo inapoanza. Ili kusafisha majitaka hayo, miji yetu mingi hutegemea mabwawa yaliyopangwa moja baada ya jingine, yasiyohitaji umeme wala mtambo wa thamani. Penye mlango wake pana chujio la vyuma, na mfanyakazi aliyeshika reki akiopoa mifuko ya nailoni, matambara na nepi, kazi ambayo hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuja kuizindua. Bwawa la kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5, limefunikwa utando wa kijivu, na mapovu hupanda kutoka chini ambako vijidudu visivyotaka hewa vinaula uchafu uliotuama. La pili, lenye kina cha mita 1 hadi 2, ni la kijani kibichi: mwani humo hutoa oksijeni mchana, na bakteria huitumia kumaliza yaliyosalia. Katika mabwawa ya mwisho jua lenyewe huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Urahisi huo ndio unaotuhadaa. Tope hujaa polepole, na bwawa la mita 3 lililojaa tope mita 2 limebakiwa na thuluthi moja ya nafasi yake, hata maji yaliyopaswa kukaa siku kadhaa hupita haraka yakiwa hayajaiva. Kutoka juu bwawa laonekana lile lile. Fauka ya hayo, baridi ya nyanda za Kitale hupunguza kasi ya vijidudu, kwa hiyo bwawa la huko lahitaji nafasi zaidi kuliko la pwani.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zilitaka majitaka yanayoachiwa mtoni yasihitaji oksijeni kupita miligramu 30 kwa kila lita katika kipimo cha siku tano. Sababu ni dhahiri: bakteria wa mtoni wakipewa uchafu mwingi hula oksijeni ya samaki. Ila madhara hayawi sawa mwaka mzima. Mvua za Aprili na Mei huuchanganya uchafu huo katika maji mengi. Januari mto umepungua, na kiasi kile kile chaweza kuwa balaa.

Zamani lawama zote za Nzoia zilielekezwa kwa kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi katika miaka ya sabini, na lawama hizo hazikukosa msingi. Kilipofungwa mwaka 2009 miji haikuacha kukua. Kiwanda hushtakiwa, mji hauna mtu mmoja wa kumnyoshea kidole, kwani wenye hatia ni sisi sote tuendao haja.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Basi wananchi wanapoitwa kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, badala ya kuomba bwawa jipya la kupigiwa picha, waulize fungu la kuzoa tope la mabwawa ya zamani ni kiasi gani na lilitumika lini mara ya mwisho. Na wadai sampuli ichukuliwe mtoni, upande wa chini wa bomba la kutolea maji, mwezi Januari, si Mei.