Dawa za Wasiwasi na Dawa za Sonona: Kwa Nini Haziachwi Ghafla

Katika miaka ya 1980 Mkoa wa Morogoro, pamoja na ule wa Kilimanjaro, ulikuwa uwanja wa majaribio ya mpango wa taifa wa afya ya akili, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark. Shabaha ilikuwa kuyafikisha matibabu katika zahanati na vituo vya afya. Mkazi wa Kilakala apewaye vidonge karibu na kwake yampasa pia kujua vifanyavyo kazi.

Diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, hutuliza wasiwasi. Huongeza nguvu ya kemikali iitwayo GABA, ambayo hupunguza msisimko wa ubongo, na nafuu huja upesi. Lakini ikitumiwa kila siku kwa majuma kadhaa, ubongo huizoea. Ikikatizwa ghafla, msisimko hurudi kwa kishindo: mgonjwa hukosa usingizi, hutetemeka, na hata huweza kuanguka kifafa, jambo liwezalo kuua.

Amitriptilini na fluoksetini ni dawa za sonona. Nafuu yake huonekana baada ya majuma mawili au zaidi, wala hazimtii mtu uchu. Hata hivyo, zikiachwa ghafla zaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na ndoto za kutisha, dalili ambazo hudhaniwa kuwa ugonjwa umerudi.

Basi, dawa zote mbili hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya mganga. Mgonjwa arejee zahanati kabla ya vidonge kumwishia.