Je, Wajua? Msomaji wa taarifa ya habari na watu wa Karagwe na Kyerwa

Je, wajua kwamba Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe, Omukama (mfalme) Rumanyika alimsalimu kwa Kiswahili kizuri? Speke mwenyewe aliandika hivyo. Habari za wakati ule zilikuja kwa miguu pamoja na misafara ya pembe za ndovu, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro. Basi Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe na Kyerwa, anayeketi leo mbele ya kamera na kusoma habari kwa Kiswahili hatumii lugha ya kuazima. Ilishabisha hodi kwao zamani.

Je, wajua kwamba hakuna kituo cha televisheni cha Tanzania Bara kilichoonyesha vita vya Kagera? Vituo vyenyewe havikuwepo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, watu wa Karagwe, jirani kabisa na mapigano, walitegemea sauti ya mtangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam. Kyerwa nayo ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Ilikuja kuwa wilaya 2012.

Ndiyo maana wasomaji wengi waliotangulia kwenye runinga zetu walitoka redioni. Julius Nyaisanga, aliyefariki Morogoro Oktoba 2013, alikuwa Redio Tanzania kabla ya kwenda Radio One na ITV. Charles Hilary alipita Redio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle na BBC, akasoma habari Azam TV, kisha akawa msemaji wa Ikulu ya Zanzibar hadi kifo chake Mei 2025. Wote wawili sauti zao zilijulikana kabla ya sura.

Hata Uingereza ilikuwa hivyo. BBC ilipoanza taarifa ya habari ya televisheni Julai 1954, Richard Baker alisoma bila kuonekana. Watazamaji waliona picha na ramani tu. Wakubwa waliogopa kwamba uso wa mtu ungepunguza uzito wa habari. Sura zilianza kuonekana Septemba 1955.

Je, wajua kwamba msomaji anayekutazama machoni hakuoni wewe, anaona maandishi? Mbele ya lenzi kuna kioo kilichoinamishwa. Chini yake kipo kiskrini kinachorusha maneno, kioo kinayaakisi kwa msomaji, na kamera iliyo nyuma ya kioo hicho inamwona msomaji bila kuyaona maneno hayo. Hiyo ndiyo teleprompta. Anayeiendesha hufuata mwendo wa msomaji, si msomaji kuufuata wake; msomaji akipunguza kasi, maneno nayo yanapunguza. Wakati huohuo kifaa kidogo sikioni kinamletea sauti ya mwongozaji: ripoti ya Dodoma haijafika, ruka uende ya Bukoba, zimebaki sekunde kumi. Anasoma habari moja huku anasikiliza nyingine, na usoni haonyeshi kitu. Karatasi unazoziona mezani si pambo. Mtambo ukikwama, ndizo zinazomwokoa.

Kabla ya hapo ameshinda na habari hizo. Mwandishi ameandika, mhariri amekata, na msomaji mzuri anazipitia tena kwa sauti, anaivunja sentensi ndefu pale pumzi inapoishia, anapiga simu kuuliza jina linatamkwaje. Hapo kwenye majina ndipo ninapompima. Akitamka Omurushaka, Nyakahanga, Bugomora na Nkwenda kama wenyeji wanavyotamka, najua ameuliza. Akijikwaa, mtu wa huko anahisi kwamba kijiji chake hakikustahili simu moja, na mimi naona ana haki ya kuhisi hivyo.

Mzigo huo uko pande zote mbili. Mtoto aliyekulia kwenye Runyambo, lugha ya Wanyambo, hakuzipata dh, th na gh nyumbani, kwa hiyo dharura, thamani na ghala inabidi azifanyie mazoezi mpaka ulimi ulainike. Hiyo si aibu hata kidogo. Ni ufundi, na hujifunzwa.

Na shule ya kwanza ya ufundi huo ipo Karagwe kwenyewe. Redio ya jamii ya FADECO ilianza 2007, mwanzilishi wake akiwa Joseph Sekiku, mtu aliyeshughulika na wakulima na vikaushio vya jua kabla ya kushika maikrofoni. Redio ya namna hiyo inazungumza kahawa, ndizi, mvua na bei. Inaonya kuhusu butura, ile biashara ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Kijana anayejitolea pale husoma habari, hufuatilia mnada, hupokea simu ya mkulima mwenye hasira, yote siku moja. Sioni darasa linaloweza kumpa hayo.

Tena kuna jambo wachache hulitafakari. Masharti ya utangazaji Tanzania yanataka matangazo yawe kwa Kiswahili au Kiingereza. Ukivuka Mto Kagera pale Murongo ukaingia Uganda, redio zinazungumza Runyankore, na Mnyambo anaielewa vizuri kwa sababu ni ndugu wa lugha yake. Upande huu, kijana anayeanza kwenye redio ya wilaya anasoma kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Anapohamia kituo cha taifa, lugha ya kazi haibadiliki.

Kenya inatukumbusha hatari za kiti hiki. Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi walimlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, chini ya mtutu wa bunduki, kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Walimtaka yeye kwa sababu nchi ilizoea kuiamini sauti yake.

Kuaminiwa huko pia huwapeleka watangazaji serikalini. Zuhura Yunus, mwanamke wa kwanza kutangaza Dira ya Dunia ya televisheni ya BBC, aliteuliwa kuongoza mawasiliano ya Rais Januari 2022. Godwin Gondwe alitoka kwenye runinga akawa mkuu wa wilaya. Nawapongeza, ila natamani pia kuona mtu anazeekea kwenye kiti cha habari na kuheshimiwa kwa hilo peke yake.

Karagwe imewahi kutoa waziri mwenye dhamana ya habari: mbunge wake, Innocent Bashungwa, alikabidhiwa wizara hiyo Desemba 2020. Lakini kiti cha msomaji wa taarifa ya saa mbili usiku kina njia yake tofauti. Kanuni zilizotokana na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zinamtaka mwandishi awe na stashahada walau, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, ambayo mtangazaji mkongwe Tido Mhando aliteuliwa kuwa mwenyekiti wake 2024, ndiyo inayotoa kitambulisho. Kwa kijana wa Kayanga au Rubwera, chuo kikuu kilicho jirani chenye jina katika fani hii ni Mtakatifu Augustino, Nyegezi, Mwanza. Cheti cha kidato cha nne na sauti nzuri havitoshi tena.