Ukuta wa kukwea shuleni: Mzazi, usikatae kabla ya kuuelewa

Muhula wa kwanza wa mwaka wa 2024, mpwa wangu wa miaka tisa alivunjika mkono shuleni. Hakuwa akipigana wala kucheza kandanda. Alikuwa amepanda nguzo za tangi la maji wakati wa mapumziko, mvua ilikuwa imenyesha, na chuma kikamteleza. Nilipofika hospitalini nilimkuta amefungwa plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, anakula ndizi, huku mamake akilia kwa niaba yake.

Katika mkutano wa wazazi uliofuata, wengi walitaka watoto wapigwe marufuku kupanda kitu chochote. Hapo ndipo mwalimu wa michezo aliposimama na kutoa pendekezo lililozua kelele: shule ijenge ukuta wa kukwea. "Mwataka kuwamaliza sasa?" mama mmoja aliuliza. Nakiri kwamba mimi pia nilikuwa upande wa mama huyo.

Tatizo letu lilikuwa picha tuliyokuwa nayo akilini. Tangu mchezo wa kukwea uingizwe katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021, na kisha Paris mwaka wa 2024, watu wameona kwenye runinga vijana wakipanda ukuta wa mita 15 kwa sekunde chache, wamefungwa kamba kiunoni. Mzazi yeyote akimwaza mtoto wake huko juu, lazima tumbo limkate.

Ukuta unaofaa shule ya msingi si huo. Mtoto hapandi kwenda juu, bali huenda kando, kama kaa anavyotembea kwenye mwamba wa pwani. Ukuta wenyewe huwa na urefu wa mita mbili na nusu hivi kutoka ardhini, na huchorwa mstari mahali pa mita moja ambao nyayo za mtoto hazipaswi kuuvuka. Akichoka, anaruka chini kama anavyoruka kutoka kwenye dawati. Hakuna kamba wala mshipi. Nikikumbuka tangi lile la maji, naona aibu kidogo kwa kelele tulizopiga.

Wazo lenyewe lilianza kwa hali duni pia. Mnamo mwaka wa 1964, Don Robinson, mhadhiri wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza, alipachika vipande vya mawe katika ukuta wa ujia ili wakweaji waweze kujinoa. Hapakuwa na jengo maalumu. Ukuta ulikuwapo tayari; yeye aliongeza mahali pa kushika na pa kukanyaga.

Na mwili wa mtoto unapata nini? Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka mitano hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku tatu kwa juma yawe yale yanayotia nguvu misuli na mifupa. Mbio na kandanda hujenga miguu, moyo na mapafu. Lakini mtoto wa mjini anayelelewa kwenye ghorofa, bila mwembe wala mpera wa kuparamia, mabega na vidole vyake hupata kazi wapi? Anayekwea huubeba uzito wake kwa mikono, mgongo na tumbo kwa pamoja. Mfupa nao huongeza uimara unapobebeshwa uzito, na utotoni ndiko mtu anakojiwekea akiba ya mifupa atakayoitumia uzeeni.

Kuna faida nyingine iliyonivutia zaidi. Yule mtoto asiyechaguliwa kamwe katika timu ya mpira hapa hashindani na mtu. Aliyefika kishikio cha nne jana anatafuta cha tano leo.

Hata hivyo, ukuta uliojengwa ovyo ni hatari kuliko mti. La kwanza ni ukuta wenyewe. Madarasa mengi yamejengwa kwa matofali yenye uwazi ndani au kwa mawe yaliyoshikwa na saruji haba, na kishikio kinaweza kung'oka na kipande cha ukuta. Mhandisi aukague kabla fundi hajashika keekee. Njia inayotumika sana ni kufunga fremu imara, kisha mbao za plaiwudi za unene wa milimita 18, zenye nati zilizogongwa kwa nyuma ili bolti za milimita 10 zishike vishikio. Vishikio vya viwandani ni vya plastiki ngumu na huagizwa kutoka nje kwa bei inayouma. Fundi mzuri wa jua kali anaweza kuchonga vya mbao ngumu, mradi avisugue kwa msasa hadi visiwe na ncha wala vibanzi. Bolti zikaguliwe kila juma, kwa sababu hulegea.

La pili ni sakafu, na hapa ndipo shule hujaribu kubana pesa. Simiti haifai. Ardhi iliyoshindiliwa na nyayo za watoto elfu haifai pia. Mchanga laini wa kina cha sentimita 30 hufaa, lakini lazima ulainishwe kwa reki kila asubuhi na kuchunguzwa kama una vigae vya chupa, misumari na kinyesi cha paka. Ukitumia magodoro maalumu, yabane yasiachane, kwani mguu unaotumbukia kwenye pengo ndio unaoteguka. Mabenchi na mawe yasiwe karibu.

La tatu ni nidhamu. Asikwee mtoto bila mwalimu kuwapo, na asiwepo mtu chini ya mwingine. Pete, bangili, mikufu na kamba za shingoni zivuliwe. Pete ikinasa kwenye kishikio huku uzito wote ukivuta, inaweza kuchuna nyama yote ya kidole. Wasichana wanaovaa hijabu waichomeke ndani ya shati. Mtoto mwenye kifafa asifungiwe nje ya mchezo, lakini daktari wake aulizwe kwanza.

Kwa wanafunzi wakubwa kuna jambo ambalo walimu wachache wanalijua. Vidole vya kijana anayebalehe bado vina sehemu laini ambazo mfupa unakulia. Akijitesa kila siku kwa kuning'inia kwa ncha za vidole, sehemu hizo zinaweza kupasuka polepole bila hata kuanguka. Dalili yake ni maumivu kwenye kiungo cha kati, hasa cha kidole cha kati. Kijana huyo aache kukwea na apigwe picha ya eksirei. Asiambiwe avumilie.

Ajali zikitokea, aghalabu huwa ni kifundo cha mguu kilichoteguka au mkono uliovunjika kwa kujikinga. Mkono uliovimba au kupinda usikandwe wala kuvutwa, hata kama jirani anasifika kwa kurudisha mifupa. Ufungwe kwa leso ining'inie shingoni jinsi ulivyo, mtoto asipewe chakula hadi daktari aseme, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi, na apelekwe hospitali. (Ile ndizi ya mpwa wangu ililiwa baada ya plasta, kwa ruhusa.) Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vikifa ganzi, msisubiri hata dakika moja. Na anayelalamika kuwa shingo au mgongo unauma asiinuliwe hadi wahudumu wenye ujuzi wafike.

Mkutano wetu wa pili ulikuwa mtulivu zaidi. Wazazi walikubali mita sita za ukuta nyuma ya darasa la nne, iwapo mhandisi ataridhika, na mchanga ununuliwe kabla ya vishikio. Yule mama aliyeuliza kama tunataka kuwamaliza watoto alichaguliwa katika kamati ya ukaguzi. Ngazi ya tangi la maji imezungushiwa seng'enge.