Pikipiki Ikufuate Wewe: Namna ya Kuiseti Kabla ya BTP

Ikikaribia likizo ndefu, mazungumzo ya sisi wanachuo wa ualimu hubadilika. Watu wanaacha kuulizana kuhusu matokeo na kuanza kuulizana, "Umepangiwa wapi?" Aliyepangiwa mjini anashukuru Mungu. Aliyepangiwa shule ya kata iliyo kilomita 18 kutoka sehemu yenye vyumba vya kupanga anaanza kupiga hesabu: alipe bodaboda kila siku mpaka bumu liishe, au aazime pikipiki ya mjomba? Siku hizi wengi wanachagua pikipiki, na wanaochagua hivyo si wavulana peke yao.

Tupige hesabu kidogo. Kilomita 18 kwenda na 18 kurudi ni 36. Zidisha kwa siku 5 za wiki, kisha kwa wiki 8. Utapata kilomita 1,440. Hiyo ni zaidi ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara, na sehemu kubwa ni barabara ya vumbi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata kama una Boxer au TVS ya kawaida, kazi unayokwenda kuifanya ni ya pikipiki ya safari ndefu. Tatizo ni kwamba tunaichukua ilivyo, imesetiwa kwa ajili ya mtu mwingine, halafu wiki ya pili mgongo unauma, vidole vinakufa ganzi na tunasema pikipiki ni mateso.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana pikipiki zilizobuniwa kwa safari za namna hiyo. Yamaha FJR1300, kwa mfano, ina injini ya 1,298 cc, kiti kinachowekwa katika vimo viwili, na usukani unaosogezwa katika hatua tatu. Hatuna hela hiyo. Ila wazo lililo ndani yake halina bei: chombo kirekebishwe kimfuate mtu. Pikipiki zetu ndogo nazo zina sehemu nyingi za kurekebisha, na nyingi hazijaguswa tangu zitoke dukani.

Pembe tatu za mwili

Mwili wako unagusa pikipiki sehemu tatu: makalio kwenye kiti, mikono kwenye usukani, na miguu kwenye vikanyagio. Ukiunganisha sehemu hizo kwa mistari unapata pembetatu. Pembetatu hiyo ikikukaa vizuri, unaendesha saa nzima na bado una nguvu ya kusimama ubaoni. Ikikukaa vibaya, utajua tu.

Anza na usukani kwa sababu haugharimu kitu. Kaa kwenye kiti kama unavyokaa safarini, fumba macho, nyosha mikono mbele bila kujilazimisha, kisha fumbua. Viganja vinatakiwa viangukie kwenye mipini, viwiko vikiwa vimepinda kidogo. Kama unalazimika kuinama kuifikia, legeza bolti za kibano cha usukani, uzungushe kidogo kuja kwako, kisha kaza tena kwa usawa pande zote. Halafu geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, injini ikiwa inaunguruma na gia iko nyutro. Sauti ya injini ikipanda, waya wa mafuta unavutwa. Rekebisha njia ya waya kabla ya kuondoka.

Wenzo wa klachi na wa breki ndio unaosahaulika zaidi. Vidole vikiwa juu ya wenzo, mkono uwe umenyooka kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Wenzo ukiwa juu sana, kifundo cha mkono kinapinda muda wote, na hapo ndipo ganzi inapoanzia. Klachi iwe na mchezo wa milimita 2 au 3 kabla haijaanza kuvuta. Breki ya mguu nayo ina skrubu ya kupandisha na kushusha; iweke mahali ambapo mguu unaikanyaga bila kuinuliwa kutoka kwenye kikanyagio.

Kama miguu haifiki chini

Hapa naomba niongee na dada zetu, na kaka wafupi pia. Kuna maneno mengi mtaani kwamba pikipiki si ya mtu mfupi. Kiukweli huhitaji nyayo zote mbili zilale chini. Inatosha mguu mmoja ukanyage imara na mwingine uguse kwa vidole, mradi uzoee kusogeza makalio kidogo upande wa mguu unaokanyaga kabla hujasimama.

Ikishindikana, nenda kwa fundi wa viti kabla ya kwenda kwa fundi wa shokapu. Mwambie apunguze sponji ya pembeni, sehemu ya mbele ya kiti, ili mapaja yasitanuke. Upana wa kiti ndio unaokula urefu wa mguu. Akikata sponji ya juu kwa wingi, utafika chini sawa, lakini kwa kilomita 36 kila siku utakuwa umekalia bati. Kubadili shokapu za nyuma kuweka fupi kuna gharama iliyojificha: pikipiki inashuka, tumbo lake linagonga mawe, stendi ya pembeni inakuwa ndefu kupita kiasi na pikipiki inasimama wima, upepo kidogo tu iko chini.

Shokapu: vidato ambavyo havijaguswa

Chuchumaa pembeni ya gurudumu la nyuma. Chini ya springi ya shokapu utaona pete yenye vidato kama ngazi. Hiyo ndiyo ya kurekebisha. Watu wengi wanadhani ukipandisha kidato springi inakuwa ngumu zaidi. Hapana. Ugumu wa springi ni uleule; kinachobadilika ni kiasi ilichobanwa kabla hujapanda, yaani pikipiki inakaa juu au chini ukiwa umeikalia.

Kipimo chake ni rahisi, rula inatosha. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma lisiguse chini. Mwenzako apime kutoka nati ya ekseli kwenda juu mpaka alama moja kwenye fremu. Kisha ishushe, panda ukiwa na begi lako la kila siku, apime tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo iwe kati ya robo na theluthi ya safari yote ambayo gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Kama safari yote ni milimita 110, basi tofauti ya milimita 28 hadi 36 inafaa. Ikizidi, pikipiki inakaa mkia chini na kila shimo linagonga mpaka mwisho; pandisha kidato. Ikipungua sana, shokapu haina nafasi ya kunyooka gurudumu linapoingia shimoni, ndiyo maana unarushwa, shusha kidato. Shokapu zipo mbili, kwa hiyo kushoto na kulia lazima ziwe kidato kimoja.

Mtu wa kilo 50 na mtu wa kilo 85 hawawezi kutumia kidato kimoja. Pikipiki ya mjomba imesetiwa kwa kilo za mjomba, na pengine kwa gunia la mahindi.

Tairi na mzigo

Upepo wa tairi unapimwa kwa geji, asubuhi tairi ikiwa ya baridi. Kubonyeza kwa kidole gumba si kipimo. Kiwango kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki na mara nyingi kwenye stika, na utaona cha nyuma ni kikubwa kuliko cha mbele, tena kinaongezeka ukibeba mtu. Upepo mwingi kupita kiasi unapunguza eneo la tairi linaloshika barabara na kukurusha kwenye makorongo. Upepo mdogo unakunja kuta za tairi, tairi inachemka, na tyubu inabanwa na rimu mpaka inatoboka. Kama njia yako ni ya vumbi na matope, tairi yenye meno makubwa itakusaidia, ila kumbuka kwamba meno hayohayo yanashika lami iliyolowa kwa shida zaidi.

Kwenye mzigo, tabia yetu ni moja: kila kitu kwenye keria. Madaftari ya wanafunzi 90, vitabu vya kiada, na ukirudi kilo tano za mchele. Keria iko juu na iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Uzito ukikaa hapo unafanya kazi kama mtu anayekalia ncha ya bembea ya ubao: upande wa pili unainuka. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, na mbele kukiwa na mchanga au mlima pikipiki haifuati unakoielekeza. Weka vitu vizito chini na karibu na wewe, kwenye mikoba ya pembeni ya turubai ambayo fundi cherehani yeyote anaweza kushona. Keria ibaki kwa koti la mvua.

Cheni na gia

Kama shule yako iko mlimani na injini inalia kila ukipanda, si lazima iwe mbovu. Hesabu meno. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 15 na ya nyuma 42, uwiano ni 42 gawa kwa 15, yaani 2.8. Ukiweka ya mbele yenye meno 14, uwiano unakuwa 3.0. Nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa asilimia 7 hivi, na mwendo kwa mzunguko uleule wa injini unapungua kwa kiasi kama hicho. Kwenye lami ndefu utakula mafuta zaidi. Kwenye mlima utashukuru. Ni sproketi moja tu, bei yake ndogo, ila kaguana na fundi kama cheni na sproketi ya nyuma bado nzima, maana sproketi mpya kwenye cheni iliyochakaa inaliwa haraka.

Ulegevu wa cheni upimwe katikati ya sehemu ya chini, kwa kiwango cha kitabu. Usiikaze kama uzi wa gitaa: ukipanda, shokapu inashuka na cheni inabana zaidi, kisha inaanza kula beringi.

Taa na mapambo

Ukishamaliza shokapu na mzigo, rekebisha taa kubwa. Nyuma ikishuka, taa inatazama juu, unampofua anayekuja na wewe mwenyewe huoni shimo lililo mbele. Taa za kumetameta za buluu zenyewe zinakula umeme ambao mfumo wa pikipiki ndogo haukupangiwa, na asubuhi betri haina kitu. Ekzosi ya kelele haiongezi chochote isipokuwa mkuu wa shule kukufahamu siku ya kwanza kwa sababu isiyo nzuri.

Wewe mwenyewe

Maboresho yenye faida kuliko yote hayafungwi kwenye pikipiki. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane mwaka 2008 yalionesha kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takribani asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini helmeti lazima ikutoshe. Ivae, funga mkanda, shika kidevu chake ujaribu kuigeuza: ngozi ya mashavu igeuke nayo. Kisha ishike kwa nyuma uivute kwenda mbele. Ikitoka, hiyo ni kofia tu. Iliyowahi kupata kishindo kikubwa usiinunue hata kama imepakwa rangi mpya, kwa sababu povu la ndani likishabonyea haliponi.

Kwa walimu wa kike kuna suala la sketi. Endesha na suruali, badilisha ukifika. Beba sketi kwenye mkoba wa pembeni. Hili liongeleeni na mkuu wa shule mapema, ataelewa. Na kama utakuwa unapakiwa, angalia ubavu wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Pikipiki nyingi za kutoka India zinakuja na wavu wa chuma pale, uliobuniwa ili sari ya mwanamke aliyekaa upande isinaswe na gurudumu. Huku tunaufungua kwa sababu tunauona hauna kazi. Kanga na sketi zinanaswa vilevile kama sari. Mrudishie wavu wake.

Hela ikiwa kidogo, anza na nini?

Kwanza, vya bure: usukani, wenzo, vidato vya shokapu, mchezo wa cheni, taa. Nusu siku na spana za kuazima zinatosha. Pili, helmeti inayokutosha, na hakikisha leseni na bima ziko sawa. Tatu, tairi na breki. Fundi afungue ngoma aone unene wa breki shuu, asikisie kwa nje. Nne, mikoba ya pembeni. Tano, kiti. Sproketi ni ya mwisho, na ni kwa mwenye mlima tu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha endesha siku mbili kabla ya kugusa kingine. Ukibadili vitatu pamoja, hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Si ndivyo tulivyofundishwa kwenye somo la upimaji darasani? Andika namba za mwanzo kwenye daftari pia, ili BTP ikiisha umrudishie mjomba pikipiki yake ikiwa na kilo zake.