Mtihani wa kompyuta: Alama zinafika haraka, je, msaada nao?

Mwanafunzi wa chuo anayeishi Mabogini, kule chini kwenye mashamba ya mpunga kusini mwa mji wa Moshi, zamani alifanya jaribio kisha akarudi nyumbani kusubiri. Karatasi zilikaa kwenye meza ya mhadhiri mpaka zisahihishwe, halafu matokeo yakabandikwa ubaoni. Wengi walijua wameanguka wakati mada imeshapita na mtihani wa mwisho umekaribia.

Siku hizi vyuo vingi vimehamia kwenye mifumo ya kidijitali. Unafungua simu, unaona alama. Ni hatua nzuri. Ila swali la maana sio alama zimefika saa ngapi. Ni nani ameziona, na amefanya nini baada ya kuziona.

Moshi ilianzaje

Mfano wa karibu uko upande wa juu wa mji, pale KCMC. Chuo cha tiba cha hapo kilianza mwaka 1997, na leo kinaitwa KCMC University.

Mwaka 2010 Serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa MEPI, wa dola milioni 130 kwa miaka mitano, wa kuinua elimu ya udaktari Afrika. Chuo cha Moshi kilikuwa miongoni mwa walionufaika, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Intaneti ikaboreshwa, na ukaletwa mfumo wa kusimamia masomo uitwao LCMS+, uliotoka Duke. Masomo yakawekwa humo, na mitihani ikaanza kufanyika kwenye kompyuta.

Mashine inaona nini

Mtihani wa namna hii huanzia kwenye benki ya maswali. Mfumo unaweza kuchanganya mpangilio, swali lako la kwanza likawa la kumi kwa jirani yako. Kuchungulia kunakuwa kazi bure. Maswali ya kuchagua jibu husahihishwa pale pale.

Faida kubwa zaidi inakuja baadaye. Tuseme darasa lina watu 100, na 80 wamechagua jibu lile lile ambalo sio sahihi. Hapo kuna mawili: ama somo halikueleweka, ama swali limetungwa vibaya. Na ukiona waliofanya vizuri mtihani mzima wamekosa swali moja ambalo waliofanya vibaya wamelipata, huenda jibu lililowekwa kwenye mfumo ndilo lenye makosa.

Kwenye karatasi, mwalimu angetumia siku nyingi kugundua hayo. Kompyuta inamwonyesha mara moja, na wiki hiyo hiyo anaweza kurudia mada au kufuta swali.

Lakini sio kila kitu kinapimwa kwa kubofya. Daktari mwanafunzi lazima aonekane anavyomsikiliza mgonjwa na anavyompima tumbo. Insha nayo inahitaji mtu wa kuisoma. Chuo kikikimbilia maswali ya kuchagua tu kwa sababu ni rahisi kusahihisha, kitapata alama za haraka kwa ujuzi nusu.

Alama bila mtu haziokoi

Katika vyuo vingi nchini, kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Ukianguka mapema na hakuna aliyekushtua, unaelekea kwenye sapu, na wengine hudisko kabisa. Kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, kuendelea kupata bumu kunategemea kufaulu na kuingia mwaka unaofuata. Yaani jaribio moja la wiki ya sita linaweza kugusa kodi ya chumba na chakula.

Mfumo unaweza kuonyesha kwamba mwanafunzi fulani hajaingia kwenye somo wiki tatu. Hauwezi kusema kwa nini. Labda ni mvivu. Labda bando limeisha, anauguza mzazi, au simu yake imeibiwa. Lazima mtu apige simu aulize. Hapo ndipo mhadhiri na ofisi ya mshauri wa wanafunzi wanapohitajika.

Angalia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kiliundwa kufundisha watu walio mbali, lakini kina vituo mikoani, Kilimanjaro ikiwemo. Hata elimu ya mbali inahitaji mlango wa kubisha hodi.

Wewe ufanye nini

1. Ukimaliza jaribio, piga picha ya skrini inayoonyesha kwamba kazi imepokelewa, pamoja na saa.

2. Umeme au mtandao ukikatika katikati ya mtihani, usiondoke kimya kimya. Mwambie msimamizi hapo hapo, kisha andika barua pepe siku hiyo hiyo.

3. Usiulize alama tu. Uliza: "Mada zipi nimekosa?" Jibu hilo ndilo la kusomea.

4. Alama zikikosewa, kata rufaa ndani ya muda uliowekwa na chuo. Kumbuka pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayokupa haki ya kuomba kuona taarifa zako na zirekebishwe zikiwa na makosa.

5. Usimwachie mtu wa steshenari neno lako la siri, hata kama ndiye aliyekusaidia kuomba mkopo.

6. Ukiona unazama, nenda ofisini mapema. Usisubiri mfumo ukuone.

Wakulima wa mpunga wa Mabogini wanalijua hili vizuri. Maji yakifunguliwa juu, sio kwamba kila jaruba limepata. Lazima mtu atembee kwenye mfereji mpaka mwisho, aangalie nani bado mkavu. Vyuo vimeshafungua maji. Sasa watembee mfereji.