Kamba Hukatikia Pabovu: Uteuzi wa Sehemu za Tarakilishi ya Kwanza ya Michezo Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Miji inayouzunguka Mlima Kenya imegeuka kuwa miji ya wanafunzi. Vyuo vikuu vya Dedan Kimathi, Karatina, Chuka, Meru, Embu na Kirinyaga vyote vilipata hati za kuwa vyuo vikuu kamili kati ya mwaka wa 2012 na 2016. Wengi wa vijana wanaosomea huko waliujua mchezo wa video kwanza katika vibanda vya PlayStation, ambako kandanda huchezwa kwa zamu na kila mechi hulipiwa. Wafikapo chuoni, hutamani tarakilishi yao wenyewe: ya kuandikia kazi za darasa mchana na ya kuchezea usiku.

Tamaa hiyo hukutana na mfuko mwembamba. Fedha zenyewe ni salio la mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, mchango wa mzazi aliyeuza majani chai au kahawa, au malipo ya kibarua cha likizo. Anayekosea hana fungu la pili la kurekebisha kosa. Makala haya yanaeleza jinsi sehemu za tarakilishi ya michezo zinavyoteuliwa kwa fedha kidogo, na hoja yake ni moja: kamba hukatikia pabovu. Tarakilishi haichezi vizuri kuliko sehemu yake iliyo dhaifu zaidi, na mara nyingi sehemu hiyo siyo ile ambayo mnunuzi anaitazama.

Istilahi kabla ya fedha

Hasara ya kwanza huanzia kwenye neno. Muuzaji husema mashine ina “memori ya 500”, mnunuzi akafurahi, kumbe kinachotajwa ni nafasi ya kuwekea faili. Neno memori hutumiwa madukani kwa vitu viwili tofauti, na mwenye kuuza hana haraka ya kuvitofautisha. Kwa hiyo yafaa maana zitengwe mapema.

Hifadhi ni diski, mahali ambapo faili na michezo hukaa hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu, ni mahali pa muda ambapo kazi inayoendelea huwekwa, na hufutika mashine inapozimwa. Hifadhi ni kama rafu za maktaba. Kumbukumbu ni meza ya msomaji. Maktaba yaweza kuwa kubwa mno, lakini meza ikiwa ndogo msomaji atashinda akiinuka kurudisha kitabu kimoja ili achukue kingine. Kichakataji, yaani prosesa, ndiye msomaji mwenyewe: hupokea maagizo na kuyatekeleza. Kadi ya michoro hukokotoa rangi ya kila nukta inayoonekana kwenye kiwambo. Ubao mama huziunganisha sehemu zote, na kigavi cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, huubadilisha umeme wa ukutani uwe wa kiasi ambacho sehemu hizo zinakihitaji.

Tofauti ya kazi kati ya kichakataji na kadi ya michoro ndiyo kiini cha mashine ya michezo. Kichakataji hufanya kazi chache ngumu kwa wakati mmoja, kama vile kuamua mchezaji wa upande wa pili ataukimbilia wapi mpira. Kadi ya michoro hufanya hesabu nyingi nyepesi kwa pamoja. Tarakilishi ya ofisi yaweza kuwa na kichakataji kizuri ilhali haina kadi ya michoro inayojitegemea, na hivyo huandika tasnifu bila shida lakini hukwama mchezo unapofunguliwa.

Kuanza na mchezo na kiwambo

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza mashine gani ni nzuri. Swali linalofaa kutangulia ni hili: itacheza nini, na kwenye kiwambo gani? Michezo haitoi madai sawa. Valorant iliundwa ili ifanye kazi hata kwenye mashine hafifu. Huanza kuchezeka kwa gigabaiti 4 za kumbukumbu na michoro iliyomo ndani ya kichakataji cha zamani cha Intel. EA Sports FC 24, mchezo uliochukua nafasi ya jina la FIFA mwaka wa 2023, ulidai angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu, kadi ya michoro ya kiwango cha GTX 1050 Ti na nafasi ya gigabaiti 100 katika hifadhi. Anayetaka mchezo wa kwanza pekee hana sababu ya kulipia mashine ya mchezo wa pili.

Kiwambo nacho huamua kiasi cha kazi. Kiwambo cha nukta 1366 kwa 768 kina nukta zipatazo milioni 1.05. Kile cha 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi kidogo ya milioni 2.07, takribani mara mbili. Iwapo picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde, kadi inayohudumia kiwambo cha pili hukokotoa zaidi ya nukta milioni 124 kila sekunde. Ndiyo maana kadi ileile husifiwa katika chumba kimoja na kulaumiwa katika chumba cha jirani. Mwenye fedha kidogo aliye na kiwambo kidogo cha zamani anaweza kukitumia mwaka wa kwanza bila aibu, fedha zikaenda kwenye kadi.

Njia mbili za kujenga

Njia ya kwanza ni kununua tarakilishi ya ofisi iliyotumika, ile ambayo wauzaji huiita “ex-UK”, kisha kuiongezea kadi ya michoro. Dell OptiPlex na HP EliteDesk ni miongoni mwa mashine zinazopatikana sana kwa njia hii. Mtu aliyezoea kuchagua mitumba katika soko la Karatina anazijua kanuni zake: kitu kilichotumika chaweza kuwa imara kuliko kipya cha bei hiyo, lakini sharti kigeuzwe ndani nje kabla ya kulipiwa.

Jambo la kwanza la kukagua ni umbo la kasha. Mashine hizi hutengenezwa kwa kasha la mnara na kwa kasha jembamba. Kasha jembamba hupendeza mezani, lakini kadi ya michoro ya kimo cha kawaida haiingii ndani yake; mnunuzi hulazimika kutafuta kadi fupi, ambazo ni chache na kwa kawaida ni ghali zaidi kwa uwezo uleule. Mnara ndio wa kuchaguliwa.

Jambo la pili ni kizazi cha kichakataji. Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 haikubali rasmi vichakataji vya Intel vilivyo chini ya kizazi cha nane, kizazi kilichoanza kutolewa mwaka wa 2017. Zaidi ya hayo, Valorant ikichezwa katika Windows 11 hudai sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mashine yenye kichakataji cha kizazi cha nne, kama Core i5-4590, yaweza kuwa rahisi sana na bado ikawa na nguvu, lakini mlango wa baadhi ya michezo umekwisha kufungwa mbele yake. Kizazi husomwa kwenye tarakimu zinazofuata alama ya kistari: 4590 ni kizazi cha nne, 8500 ni cha nane. Neno “Core i5” peke yake halimwelezi mnunuzi chochote.

Njia ya pili ni kukusanya sehemu moja moja. Ubora wake ni kwamba mashine yaweza kukua. Ubao mama wa aina ya AM4, kwa mfano, unaweza kuanza na Ryzen 5 5600G, kichakataji cha mwaka wa 2021 chenye michoro ya ndani inayotosha michezo myepesi, na kadi ikanunuliwa mwaka unaofuata. Katika mpango huu vipande viwili vya kumbukumbu vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa michoro ya ndani huazima kumbukumbu ya mashine, na njia mbili hupitisha data zaidi kuliko moja. Kasoro ya njia hii ni bei, hasa baada ya bei za kumbukumbu kupanda duniani mwishoni mwa mwaka wa 2025 kutokana na mahitaji ya vituo vya akili unde. Kwa mfuko mwembamba sana, njia ya kwanza ndiyo hufikisha.

Umeme, sehemu isiyotazamwa

Tundu la ubao mama ambamo kadi ya michoro huchomekwa linaweza kuipa kadi hiyo umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi hutaka waya wa ziada kutoka kwenye kigavi. Minara mingi ya ofisi ina vigavi vya takribani wati 240 hadi 300 na haina waya huo. Isitoshe, katika OptiPlex nyingi viunganishi vya kigavi si vya kawaida, hivyo kigavi kipya cha dukani hakichomeki bila kiunganishi cha kati.

Hapa ndipo kamba hukatikia. Mwanafunzi huona kadi ya RX 580 iliyotumika, husikia ina nguvu kuliko GTX 1650, naye huinunua. Kadi hiyo imekadiriwa kula wati 185. Ikifika Nyeri haiwaki, au huwaka kisha mashine ikajizima mchezo unapopamba moto. GTX 1650 ya mwaka wa 2019 na GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016 zilikadiriwa kwa wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. Ndani ya mnara wa ofisi, kadi dhaifu inayowaka ina thamani kuliko kadi yenye nguvu isiyowaka.

Anayejenga mwenyewe asijaribu kuokoa fedha kwenye kigavi. Kigavi kisicho na jina, chenye maandishi ya wati 500 na uzito wa mkate, kikiungua chaweza kuondoka na ubao mama pamoja na kadi. Umeme wa taifa nao si wa kutegemewa kila saa: katika mwaka wa 2023 pekee Kenya ilipatwa na giza la karibu nchi nzima mwezi Agosti, Novemba na Desemba. Kifaa cha kulinda volteji ni gharama ndogo kikilinganishwa na kinachokingwa, na betri ya dharura huiokoa tasnifu pamoja na mchezo.

Kununua ukiwa mbali

Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni mwendo wa takribani kilomita 150, na sehemu nyingi za michezo huuzwa Nairobi, katika maduka ya Luthuli Avenue na mitaa ya jirani. Kifurushi huletwa na matatu kwa nauli ndogo, lakini kukirudisha ni safari, ubishi na siku ya masomo iliyopotea. Hivyo mnunuzi wa Nyeri, Nanyuki au Chuka anapaswa kuhesabu dhamana kama sehemu ya bei. Dhamana iliyoandikwa kwenye risiti, yenye nambari ya kifaa na muda wake, ina uzito kuliko punguzo la shilingi mia chache.

Kadi zilizotumika zina hatari zake. Sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za michoro mwezi Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni kwa wingi. Zipo pia kadi za kale zilizobadilishwa maandishi ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Programu ya bure ya GPU-Z husaidia kuzifichua. Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe awashe mashine, aonyeshe taarifa za kadi katika programu hiyo, kisha aendeshe mchezo kwa muda wa nusu saa. Anayekataa amekwisha kujibu.

Kugawa fedha

Tuseme mnunuzi ana shilingi 60,000. Mgawanyo wenye mizani waweza kuwa huu: shilingi 24,000 kwa mnara wenyewe, 18,000 kwa kadi ya michoro, 9,000 kwa kiwambo, 4,000 kwa kinga ya umeme, kibodi na kipanya, na 5,000 zibaki akiba. Hii si orodha ya bei, bali ni mpangilio wa vipaumbele. Akiba hiyo ndiyo hununua kipande cha pili cha kumbukumbu, au hifadhi ya SSD pale mnara unapokuja na diski ya zamani inayozunguka. Ndiyo pia hulipia intaneti, kwani mchezo wa gigabaiti 100 huweza kumaliza vifurushi vya mwezi kabla haujafunguliwa hata mara moja. Wanafunzi wa bweni moja huweza kuupakua mara moja kisha wakanakiliana faili zake, mradi kila mmoja awe na haki yake ya kuucheza.

Hitimisho

Uteuzi mzuri hufuata mpangilio: mchezo, kiwambo, kadi, umeme, kisha vingine. Anayeufuata hununua mashine yenye mizani. Anayeanza na jina la kadi hununua mgogoro.

Kwa wapenzi wa Kiswahili suala hili lina upande wa pili. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited ilianzisha kiwanda cha semikonda, nyenzo zilezile ambazo kwazo vichakataji na kumbukumbu huundwa. Teknolojia imekwisha kufika kijijini. Maneno yake ya Kiswahili, kama vile maunzi, kichakataji na hifadhi, bado hukutwa zaidi katika kamusi na vitabu vya kiada kuliko kwenye kaunta ya duka, na pengo hilo lina bei inayolipwa na mnunuzi asiyejua “memori” aliyouziwa ni ipi. Wanafunzi wa Kiswahili walio na marafiki katika idara za uhandisi wanayo nafasi ya kuyatoa maneno hayo kamusini na kuyafikisha mahali ambapo fedha hubadilisha mikono.