Utepe wa kuzuia joto kwenye ekzosi: Nafuu inayoweza kuligharimu gari

Na Mwandishi Wetu, Singida

MADEREVA wa malori yanayotoka Shelui kwenda Singida mjini wanaufahamu vema Mlima Sekenke, wilayani Iramba. Baada ya tambarare ya Wembere barabara huanza kupanda, gia hushushwa, na joto chini ya boneti huongezeka.

Barabara hiyo ni sehemu ya njia kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na nchi jirani za Rwanda na Burundi. Kwa wenye magari wanaosumbuliwa na joto la injini, mojawapo ya dawa zinazopendekezwa ni kuivisha ekzosi utepe wa kuzuia joto. Hata hivyo, dawa hiyo ina madhara ambayo mnunuzi hana budi kuyafahamu kabla ya kutoa fedha zake.

Utepe huo hufumwa kwa nyuzi za kioo au za mwamba wa volkano. Huzungushwa kwenye manifoldi, yaani sehemu ya ekzosi iliyofungwa kwenye injini ili kukusanya moshi kutoka kila silinda. Umezoeleka zaidi katika magari ya mashindano, ambako husaidia moshi kutoka kwa kasi na kuzikinga nyaya na mipira iliyo karibu. Faida hizo ni za kweli, lakini magari hayo hukaguliwa baada ya kila shindano na vipuri vyake hubadilishwa mara kwa mara.

Tatizo ni kwamba utepe hauliondoi joto, bali hulizuia lisitoke. Joto ambalo lingechukuliwa na upepo hubaki ndani ya chuma chenyewe. Injini ya petroli inapofanya kazi nzito, moshi wake huweza kufikia nyuzi 800 za Sentigredi. Bomba lililo wazi hupozwa na hewa inayolipitia, ilhali lililovishwa hukaribia joto la moshi.

Chuma cha kawaida kikizidi nyuzi 550 kwa muda mrefu hutoa magamba, hupungua unene na hatimaye hupasuka, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa. Chuma cha pua huvumilia zaidi, lakini nacho hupata nyufa kwa kupashwa joto na kupoa mara kwa mara.

Adui wa pili ni maji. Mkoani Singida msimu wa mvua huwa kati ya Novemba na Aprili. Utepe hunyonya maji ya mvua, ya madimbwi na ya kuoshea gari. Gari likiegeshwa kwa siku kadhaa, unyevu hubaki umelikumbatia bomba na kutu hulila pasipo mtu kuona.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Katika injini kuukuu, oili huweza kuvuja na kudondokea manifoldi. Tone likiangukia bomba tupu huungua na kutoa harufu, na dereva hupata tahadhari. Utepe hulinyonya tone hilo na yanayofuata, ukawa kama utambi wa kibatari. Dizeli huweza kuwaka yenyewe, bila cheche, katika joto lisilofika nyuzi 300. Kwa lori lililosheheni alizeti au vitunguu, mbali na kikosi cha zimamoto, moto wa namna hiyo ni hasara ya gari, mzigo na pengine maisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ekzosi iliyovishwa, ufa hauonekani hadi sauti ibadilike au moshi uingie ndani ya gari. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua.

Fundi naye yumo hatarini. Nyuzi za kioo huwasha ngozi na kukereketa koo, hivyo glavu na barakoa ni lazima. Tepe za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo Shirika la Afya Duniani linasema aina zake zote husababisha saratani. Utepe mkuukuu usiojulikana asili yake usichanwe kwa mikono mitupu wala kupulizwa kwa upepo wa kompresa.

Aidha, gari linalochemsha halitaponywa na utepe. Chanzo cha kuchemsha hutafutwa kwenye rejeta, themostati, pampu ya maji, feni na gasketi ya silinda hedi.

Iwapo tatizo ni joto linalounguza nyaya, njia salama zaidi ni bati la kukinga joto, lililoachiwa nafasi ili hewa ipite kati yake na manifoldi. Magari mengi hutoka kiwandani na bati hilo. Likifunguliwa wakati wa matengenezo, mwenye gari ahakikishe limerudishwa kabla hajaondoka gereji.

Kwa aliyekwisha kuvisha ekzosi yake, hatua ya kwanza ni kukagua kama utepe una doa la oili. Ukiwa nalo, uondolewe mara moja na uvujaji uzibwe kabla ya safari.